Barafu Iliyobeba Mkate

Yumkini wewe, msomaji, hujapata kusimama juu ya maji. Barafu uijuayo ni kile kipande kidogo kieleacho katika bilauri, au ile chache iliyosalia juu ya vilele vya Mlima Kenya. Lakini katika nchi za kaskazini ya dunia, kama vile Urusi, Ufini, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, kila mwaka maziwa mazima hugeuka yakawa sakafu. Pale mvuvi alipopita kwa mashua mwezi wa Septemba, mwezi wa Januari hupita kwa miguu yake. Hutoboa tundu kwa keekee, hutumbukiza mshipi wake humo, kisha huketi juu ya kigoda akingoja samaki aume chambo. Chini ya nyayo zake pengine pana barafu isiyozidi upana wa kiganja. Na chini ya barafu hiyo pana maji ya baridi kali yawezayo kumlegeza mtu viungo kwa muda wa dakika chache.

Uvuvi wa namna hiyo ni wa kale sana, na swali lake la kwanza ni la kale vile vile: Je, barafu hii itanichukua? Ni swali fupi. Lakini historia yatuonyesha ya kuwa watu wengi wamekufa kwa kulijibu vibaya, na ya kuwa mji mmoja mkubwa, uliokuwa ukifa kwa njaa, ulipata mkate kwa sababu palikuwa na watu walioweza kulijibu vizuri. Habari za mji huo ndizo nitakazo kukusimulia hasa. Lakini kwanza hatuna budi kuijua barafu yenyewe.

Vitu vingi vikipoa hujikaza, vikawa vizito zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake. Maji nayo hufanya hivyo, lakini mpaka yafikapo nyuzi 4 tu. Yakizidi kupoa huanza kutanuka tena, na yagandapo huwa mepesi kuliko maji yaliyo chini yake. Kwa hiyo barafu huelea, na ziwa huganda toka juu kwenda chini. Barafu huwa kama paa juu ya maji, na samaki huishi chini ya paa hilo mpaka majira ya joto yarudi.

Basi kumbuka ya kuwa barafu ya ziwa haikulala juu ya ardhi kama sakafu ya nyumba. Yaelea. Mtu asimamapo juu yake, barafu hubonyea kidogo, na maji ya chini huisukuma juu. Ikiwa nene ya kutosha, hupinda bila kuvunjika. Ikiwa nyembamba, hupasuka. Na unene wake haulingani mahali pote. Penye mdomo wa mto, penye chemchemi na penye mkondo wa maji, barafu huwa nyembamba, ijapokuwa hatua 20 tu kutoka hapo yaweza kuwa nene. Theluji nayo ni mdanganyifu mkubwa: huifunika barafu kama blanketi, ikaizuia kuongezeka unene, kisha ikaficha nyufa zake machoni pa watu.

Wavuvi wa kaskazini hawakungoja vitabu ili kuyajua mambo hayo. Walijifunza kwa kuangalia, na kwa kuwazika waliokosea. Walijua kwamba barafu safi, ile iangazayo weusi wa maji au rangi ya samawati, ni imara. Na kwamba barafu nyeupe, yenye mapovu ya hewa au iliyotokana na theluji iliyoloa ikaganda, nguvu yake ni kama nusu ya ile safi. Walijua kwamba barafu ya mwisho wa majira ya baridi, hata ikiwa nene, yaweza kuwa imeoza kwa jua na kubomoka kama mti ulioliwa na mchwa. Walikwenda na mtaimbo mkononi, wakipiga mbele yao kabla ya kuweka mguu. Siku hizi wenye kuwashauri wavuvi husema kwamba mtu mmoja aendaye kwa miguu ataka barafu safi isiyopungua sentimita 10 hivi. Nao huongeza mara moja kwamba hapana barafu iliyo salama kabisa.

Sasa tuangalie jinsi watu walivyolijibu swali letu. Tarehe 15 Januari 1867, katika bustani ya Regent's Park mjini London, mamia ya watu walikuwa wakicheza juu ya ziwa lililoganda, wamevaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea. Jana yake barafu ya ziwa hilo hilo ilikuwa imevunjika, na watu 21 walitumbukia wakaokolewa. Yafaa ujiulize: je, habari hiyo haikutosha kuwa onyo? Lakini kila mmoja alipofika ukingoni aliwaona wenzake wakiteleza na kucheka, akasema moyoni mwake kwamba, kwa kuwa barafu imewachukua wale, itamchukua na yeye. Sisi twasema, "Fuata nyuki ule asali." Maneno hayo ni kweli kwa asali. Lakini juu ya barafu, kila anayefuata huongeza uzito, na wingi wa watu ndio hatari yenyewe. Alasiri barafu ilipasuka vipande vipande, na watu kama 200 wakaanguka katika maji yenye kina cha zaidi ya mita 3. Nguo nzito na vile viatu vya chuma viliwavuta chini. Watu 40 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu, mbele ya macho ya ndugu zao. Baadaye kina cha ziwa kilipunguzwa kikawa mita 1 na kitu, ili msiba kama huo usitokee tena.

Watu wa London walikwenda barafuni kucheza. Wangaliweza kubaki nyumbani. Sasa nitakueleza habari za watu ambao hawakuwa na hiari hiyo.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, majeshi ya Ujerumani yaliivamia nchi ya Urusi ya Kisovieti mwezi wa Juni 1941. Tarehe 8 Septemba mwaka huo yalikata njia ya mwisho ya nchi kavu iliyouunganisha mji wa Leningrad na sehemu nyingine za nchi. Mji huo, ambao tangu 1991 umelirudia jina lake la kale la Saint Petersburg, ulikuwa na watu kama milioni 2 na nusu waliofungiwa ndani. Reli zilikatwa na maghala ya chakula yakateketea kwa mabomu. Upande mmoja tu haukuwa na adui: upande wa mashariki, ambako lipo Ziwa Ladoga, kubwa kuliko maziwa yote ya Ulaya, ijapokuwa Ziwa Victoria letu lalishinda karibu mara nne.

Muda wote maji yalipokuwa wazi, chakula kidogo kililetwa kwa mashua na meli ndogo, huku zikipigwa mabomu toka angani. Mwezi wa Novemba ziwa likaanza kuganda. Hapo ndipo mji ulipofikia shida iliyo kubwa kupita zote, maana barafu ilikuwa nene mno kwa mashua, na nyembamba mno kwa magari. Posho ya mkate ikapunguzwa mara baada ya mara. Tangu tarehe 20 Novemba mfanyakazi wa kiwandani alipewa gramu 250 kwa siku, na watu wengine wote, wakiwamo watoto na wazee, gramu 125 tu. Hicho ni kipande kidogo kinachotosha katika kiganja, na hata hicho kilichanganywa na vitu visivyokuwa unga. Watu walianguka njiani wakafa.

Basi fikiri, msomaji, uzito wa swali letu siku hizo. Kama wakuu wangengoja mpaka barafu iwe nene bila shaka yoyote, maelfu zaidi wangekufa kwa kungoja. Na kama wangepeleka malori kabla ya wakati, unga, malori na madereva wangezama, na njaa ingebaki pale pale. Haraka ilikuwa mauti, na kuchelewa kulikuwa mauti. Njia pekee ya kutoka kati ya mauti hizo mbili ilikuwa kupima.

Walianza kwa hesabu. Wataalamu walikadiria kwamba, hali ya hewa ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, barafu ya sentimita 10 hufanyika kwa muda wa saa 64. Ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa saa 34. Na ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa saa 23. Walikadiria tena kwamba sentimita 10 zamchukua farasi asiye na mzigo. Sentimita 15 zamchukua farasi avutaye sleji, yaani gari lisilo na magurudumu liburutwalo juu ya theluji, yenye mzigo wa tani moja. Na sentimita 20 zalichukua lori lenye mzigo wa tani moja. Hivyo waliweza kuitazama hali ya hewa ya kila siku na kujua, kwa kukisia, wakaribia wapi.

Lakini hesabu ya mezani si ziwa. Tarehe 17 Novemba kikosi kidogo cha askari wajenzi wa madaraja, kikiongozwa na Leonid Sokolov, kilitoka kijiji cha Kokkorevo, upande wa magharibi wa ziwa, kikaingia barafuni kuelekea kijiji cha Kobona, upande wa mashariki. Mwendo wake ulikuwa kilomita 30 hivi. Walivaa nguo nyeupe ili adui asiwaone. Walikwenda wakitoboa barafu, wakipima unene wake, wakasimamisha vijiti vya alama nyuma yao. Mahali pengine barafu ilikuwa imara, na mahali pengine walikuta maji yangali wazi, ikawabidi kuzunguka. Hawakusema, "Hapa ni nene, basi na mbele ni nene." Kila sehemu iliulizwa peke yake, na kila sehemu ilitoa jibu lake. Walivuka salama, na mstari wa vijiti vyao ukawa mwanzo wa barabara.

Waliofuata hawakuwa malori. Tarehe 20 Novemba sleji kama 350 za farasi, chini ya uongozi wa Mikhail Murov, ziliteremka barafuni zikaenda Kobona, na kesho yake zikarudi na tani 63 za unga. Farasi wenyewe walikuwa wamekonda kwa njaa. Tarehe 22 Novemba ndipo malori 60 yalipojaribu, nayo yakarudi na tani 33. Ukipiga hesabu utaona ya kuwa kila lori lilileta kama nusu tani tu, ijapokuwa liliundwa kuchukua tani moja na nusu. Siku hizo za kwanza lori lilipakiwa magunia machache tu, na hata hivyo mengine yalizama. Baadaye waliyafunga malori sleji nyuma, ili mzigo utandazwe juu ya eneo kubwa zaidi, usikandamize mahali pamoja. Madereva waliendesha milango ikiwa wazi katika baridi ile kali, ili barafu ikivunjika wapate kuruka. Walinzi wa njia walisimama barafuni usiku na mchana, wakiwaongoza madereva kwa taa na kuwaonya penye nyufa na penye mashimo ya mizinga. Juu ya nyufa pana walitandika madaraja ya mbao. Barabara ilipochoka, waliihamisha ikapita pembeni kwenye barafu mpya.

Hata hivyo, palitokea jambo lililowashangaza watu. Mara nyingine lori lenye mzigo mzito lilipita salama, kisha lori jepesi zaidi likafuata pale pale, likazama. Madereva hawakuweza kulielewa jambo hilo, maana akili ya kawaida yasema kwamba palipompitisha ndovu hapawezi kumshinda mbuzi. Wanafizikia wa Leningrad, ambao nao walikuwa na njaa kama wenzao, waliitwa kulichunguza. Mmoja wao, Naum Reinov, alitengeneza chombo cha kuandika jinsi barafu inavyopinda na kuinuka gari lipitapo, nacho kiliwekwa ziwani. Jibu lilikuwa hili: barafu yaelea, na gari lipitapo juu yake hufanya wimbi katika maji na barafu. Wimbi hilo lina mwendo wake, kwa kadiri ya kina cha maji na unene wa barafu. Gari likienda polepole kuliko wimbi, barafu hupinda kidogo tu. Lakini mwendo wa gari ukilingana na mwendo wa wimbi, gari hulisukuma wimbi lile lile bila kuliacha, likazidi kukua mpaka barafu ikapasuka. Katika barabara ile, mwendo wa hatari ulikuwa kama kilomita 35 kwa saa. Lori zito lililokwenda polepole lilikuwa salama. Lori jepesi lililokwenda mbio lilijiangamiza lenyewe. Kwa hiyo wakaweka sheria za mwendo, na za umbali kati ya gari na gari, na ajali za namna hiyo zikapungua. "Haraka haraka haina baraka," wasemavyo wazee. Ladoga ililithibitisha neno hilo kwa vipimo.

Tarehe 25 Desemba posho ya mkate iliongezwa kwa mara ya kwanza, ikawa gramu 350 kwa wafanyakazi na gramu 200 kwa wengine. Watu wa mji waliiita barabara ile Njia ya Uhai. Ilitumika mpaka mwezi wa Aprili 1942, wakati malori yalipokuwa yakipita katika maji yaliyofunika barafu iliyooza. Katika majira hayo moja ya baridi ilipitisha tani zaidi ya 361,000 za mizigo, na katika hizo tani kama 262,000 zilikuwa chakula; nayo ilitoa watu zaidi ya nusu milioni nje ya mji uliozingirwa.

Lakini nisikudanganye. Barabara haikuweza kuwaokoa wote. Mzingo wa Leningrad ulidumu siku 872, mpaka tarehe 27 Januari 1944, na watu waliokufa ndani ya mji huhesabiwa kuwa mamia ya maelfu, wengi wao katika yale majira ya baridi ya kwanza. Madereva wengi nao wamelala chini ya ziwa. Barafu haikuwa rafiki wa mji ule. Ilikuwa kitu kisicho na huruma wala chuki, kilichowachukua waliokipima kwa kadiri ya nguvu zake, na kuwaangusha waliozidisha.

Huenda utasema kwamba mambo hayo ni ya vita, na ya kuwa watu wa leo, wenye redio, simu na utabiri wa hali ya hewa, hawawezi kukosea. Basi sikia jambo moja la mwisho, la wavuvi wenyewe. Tarehe 7 Februari 2009, katika Ziwa Erie, pwani ya jimbo la Ohio huko Marekani, wavuvi wengi walikwenda mbali barafuni kutafuta samaki. Barafu yenyewe ilikuwa nene ya kutosha kuwachukua. Lakini njiani palikuwa na ufa, nao waliuvuka kwa kutandika mbao juu yake, wakaendelea. Siku hiyo joto liliongezeka, na upepo ukavuma toka nchi kavu kuelekea ziwani. Ufa ukapanuka, mbao zikawa hazifiki tena, na barafu yote waliyosimama juu yake ikaanza kuelea kwenda zake kama jahazi lisilo na nahodha. Watu zaidi ya 100 iliwabidi kuokolewa kwa helikopta na mashua, na mtu mmoja akafa.

Wavuvi hao hawakukosea unene. Walikosea ufa na upepo. Walipima kitu kimoja wakasahau viwili. Na angalia jambo hili: mbao juu ya ufa zilitumika Ladoga, na mbao juu ya ufa zilitumika Erie. Lakini Ladoga palikuwa na walinzi waliokesha kando ya nyufa, wakazitazama saa baada ya saa. Erie kila mtu alivuka akageuza kisogo, akaukabili mshipi wake.

Sasa waona, msomaji, kwa nini nimekuletea habari hizi za nchi za mbali, ijapokuwa huenda hutavua samaki katika tundu la barafu maisha yako yote. Mvuvi wa kwetu naye, atokapo alfajiri kuingia Ziwa Victoria au Ziwa Turkana, ana swali lile lile la kuuliza, ila yeye hulielekeza kwa mawingu na upepo: Je, leo nitarudi? Aliyevuka jana si shahidi wa leo. Wingi wa waliotangulia si kipimo. Jibu la mahali pamoja si jibu la mahali pote, wala jibu la asubuhi si jibu la jioni. Wale wanaume wa Kokkorevo waliovaa nguo nyeupe hawakuwa na ujasiri kuliko umati wa London; umati ule nao ulikuwa na ujasiri mwingi. Tofauti yao ni kwamba wao, kabla ya kuweka mguu, waliinama wakatoboa, wakasoma kipimo, wakasimamisha kijiti kwa ajili ya wale watakaokuja nyuma yao. Na kwa vijiti vile mkate ulifika mjini.